Mikono Sita ya Edmond

Ilikuwa 2001, vita ingali inakula batu, na pale Beni, commune ya Ruwenzori, kwenyi kiti mbele ya atelier ya Kahongya, kahawa yenye Mama Virginie anauzisha ilikuwa inatoka moshi na batu habasikilizane. Kahongya, fundi wa masanduku ya kuzikia batu, alishika karatasi yenye Issaka, chauffeur wa camion, lori ya mizigo, alileta ile asubuhi kutoka Eringeti, kwenyi batu ba pori, baasi, baliingia alfajiri. Ilisema: Edmond amekufa, urefu mikono sita. Saa sita camion inarudia kule, na sanduku inapashwa kuwa juu yake. Siku moja sanduku ilikuwa fupi, Kahongya akakunja magoti ya mufu ili aingie. Ingali inamuuma, na aliapa hatarudilia.

— Mukono ni nusu mètre, alisema Manassé. Banamuita Géomètre, juu zamani alibebea bapimaji ba mashamba munyororo. Sita, ni mètre tatu.

— Mètre tatu, ni mutu ao ni muti? akajibu Phinées, mwenye banaita Prophète. Mukono, tangu kwenyi kiwiko mupaka ncha ya kidole, ni centimètre makumi ine na tano. Inatoka mètre mbili na makumi saba.

— Ingali ni muti.

Ribbon ya kupimia ya Kahongya ilichakaa, inaonyesha pouces tu, ni kusema inchi.

— Mukono ni pouces kumi na munane, alisema. Sita, ni pieds tisa, futi tisa. Hiyo ni mulango ya kanisa.

— Donc bazungu balikata mètre yetu juu babebe mashamba, alisema Manassé. Mukono njo ya kweli.

— Ao bafu banarefuka, alisema Phinées. Ndani ya hii vita, mimi sikatae kitu.

Hakuna mutu alicheka. Rébecca, yaya ya Edmond, dada yake mukubwa, alikuwa amefika.

— Pole, yaya, alisema Kahongya. Ndugu yako alikuwa murefu sana?

— Hapana. Tulikuwa sawasawa. Nilikuwa navaa makoti yake.

Kahongya akageukia Issaka.

— Nani alipima?

— Mimi sikushuka, masasi ya bunduki ilikuwa ingali inalia. Ni kale katoto ka Edmond, Ornella. Kalimupima baba yake na kamukono kake, kakaniambia hesabu kwenyi dirisha ya camion. Nikaandika.

— Ana miaka ngapi?

— Sita, alisema Rébecca.

Manassé akaruka juu.

— Mais voilà! Mukono ya mutoto wa miaka sita ni centimètre makumi mbili na munane. Mara sita: mètre moja, makumi sita na munane!

Phinées akamupa mukono. Kahongya naye akasikia muzigo inashuka ndani ya roho, akapiga alama kwenyi mbao. Alifurahi, kweli, na huku mufu wa batu iko anamungojea.

Rébecca alikuwa anamuangalia Issaka tu.

— Juu ya nini mutoto njo alipima? Agar, mama yake, alikuwa wapi?

Issaka akageukia camion yake.

— Sikuuliza, yaya. Motor ilikuwa inawaka. Sikuuliza.

Kahongya akaangalia kalamu yake, haya ikamushika. Rébecca akaweka kiganja kwenyi sikio yake mwenyewe.

— Urefu ya Agar inanifikia hapa, alisema.

Kahongya akashusha mbao ingine, ya sanduku ya pili.