Mzee Aliyesema Haumwi Sana

Wapendwa, kaeni kabisa, na wamama pale nyuma mnitulizie watoto kidogo. Wageni wetu wa Louisville na Columbus, karibuni Buffalo. Mimi ni mama wa hapa mtaa wa Black Rock, nafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, na leo nasimama kwa furaha.

Bon, basi. Nilipoanza ile kazi, Kiingereza changu kilikuwa cha darasani: habari yako, nzuri, asante. Kumbe watu kazini hawaongei hivyo! Wakati wa mapumziko walicheka, na mimi nikawafuatisha kucheka. Siku moja nilicheka vizuri sana, kumbe mwenzetu alikuwa anasimulia mbwa wake amekufa. Msinicheke! Tangu hapo nilikula chakula changu ndani ya gari, peke yangu, nikilia. Mkubwa wa kazi akaniita. "Una mikono mizuri," akasema, "lakini huongei na wazee. Nakupa mwezi mmoja."

Ndani ya mwezi huo akaletwa mzee kutoka New Zealand, visiwa vya mbali huko chini ya ramani. Alikuwa amemfuata binti yake huku. Akifungua kinywa, Waamerika wenyewe wanatazamana: "Amesema nini?" Ndugu zangu, nawaambia, nilifurahi kupita kiasi! Sasa sote tuko darasa moja. Mimi nilikuwa nimezoea kutoelewa, donc, basi, sikuona haya kumwuliza.

"Papa, sema tena."

Naye akapenda. Akanifundisha kwamba "arvo" ni alasiri, "cuppa" ni kikombe cha chai. Nikimletea hiyo chai anasema "sweet as", tamu kama. Nikangoja amalizie. Kama nini, asali? Hamalizii! Kwao maana yake ni sawa kabisa, imekwisha.

Alasiri moja akakataa chai. Nesi akamwuliza kama anaumwa. Akajibu, "Not too bad. She'll be right." Yaani, si mbaya sana, itakuwa sawa. Nesi akaandika, akaondoka. Lakini mimi niliona amekamata ukingo wa kitanda, mkono mwingine juu ya tumbo. Kwetu kule milimani, mwanaume mzima akisema "kidogo tu", unakimbia kuita watu wa kumbeba. Baba yangu alisema "kidogo tu" siku ng'ombe alipomvunja mbavu. Nikamjua huyu mzee.

Nikamzuia nesi kwenye korido na Kiingereza changu cha kuvunjikavunjika.

"Mzee mgonjwa sana. Njoo!"

"Lakini amesema si mbaya."

"Watu kama hawa hawasemi! Gusa tumbo!"

Akamgusa, mzee akapiga kelele. Saa ile ile akapelekwa hospitali, akapasuliwa, na daktari akasema tungechelewa tungempoteza. Amerudi jamani! Anakunywa chai yangu na kunitania kwamba naweka sukari nyingi kama ya harusi. Mkubwa wa kazi hataji tena habari za kuniondoa. Wafanyakazi wapya, wazaliwa wa hapa hapa, anawatuma kwanza wakae nasi wawili, mimi na mzee, wajifunze kusikiliza.

Namshukuru Mungu. Asanteni wamama mlionipigia simu nikiwa ndani ya gari, na asante binti yangu aliyenisahihisha bila kunicheka. Bon, alicheka kidogo. Na wewe unayenyamaza kazini ukingoja Kiingereza chako kikamilike, nakuomba, sema hicho hicho ulicho nacho. Ningengoja nipate maneno mazuri, leo tungekuwa tumeshamzika mzee.