Mwalimu Nguzo na Fimbo za Ofisini

Wanangu na wajukuu zangu mlioketi hapa katika msiba wetu, haya nimeyasema mimi bibi yake marehemu, mjane wake ameyaandika na ndiye anayewasomea.

Mjukuu wangu, mliyezoea kumwita Mwalimu Nguzo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1984, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, mvua ikipiga bati, na mama yake alipofariki nikamlea mimi, uji kwa uji, mpaka akasimama.

Alianza shule mwaka 1991, na alipofika darasa la pili akaulizwa, mbuzi kumi na wawili, kondoo saba, mbuzi wamezidi kwa wangapi, naye kusikia wamezidi tu akajumlisha, akajibu kumi na tisa, mwalimu akamchapa hadi fimbo ikapasuka, akaokota mguu wa kiti, akamvunja kidole, akamtoa damu sikio la kushoto, na sikio lile halikusikia tena hata mlango ukibamizwa. Nikamwambia basi baba, shule si yako, njoo tuuze mkaa, akasema, "Narudi, bibi, na nikiwa mwalimu hapigwi mtu kwa hesabu ya kutoa."

Alihitimu chuo cha ualimu tarehe 17 Novemba 2006, akapewa darasa la pili palepale shuleni alikopigwa, akawa anachora ubaoni grafu ya nguzo mbili, ya mbuzi vyumba kumi na viwili, ya kondoo saba, anavuta mstari toka kichwa cha fupi hadi kwenye ndefu, anauliza, "Haya, wangapi wanachungulia juu ya ukuta?", nao wanapasua koo, "Watano!", hata mimi nisiyejua alifu kwa kijiti nikaelewa.

Tarehe 12 Juni 2010 alimwoa mshonaji wa sokoni, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 4 mwezi huu, saa nne asubuhi, mchinjaji wa mtaa wa nyuma aliingia darasani na bomba la chuma, binti yake alikuwa amejumlisha palipotakiwa kutoa, akaapa kumvunja mikono mbele ya wenzake, Mwalimu akamkumbatia mtoto, akageuza mgongo, pigo la kwanza likavunja bega, la pili mbavu, la tatu likatokea upande wa sikio lililokufa, hakulisikia likija, damu ikaruka mpaka ubaoni, juu ya nguzo. Alifariki hospitalini tarehe 7 alfajiri.

Tunawashukuru madaktari mliohangaika na fuvu lile, majirani mliomfikisha mchinjaji polisi akiwa hai ingawa mawe mlishayashika, na walimu wenzake mliobeba jeneza. Nawe mwalimu mkuu, mwanangu, asante kwa viti vya shule, ila jana nilikusikia hapa barazani ukisema, "Tukishamzika fimbo zirudi, watoto wameharibika", basi nilikwenda ofisini kwako, nikazitoa zote nyuma ya kabati, nikazivunjia gotini, na chai mliyokunywa asubuhi, jamani, imechemkia kwa kuni hizo, kama ilinuka moshi mnisamehe.

Pumzika kwa amani, baba, Jumatatu watoto wako wanaingia darasani, na nyuma ya kabati ni patupu.