Ungo wa Maharage ya Sadaka

Padre, wazee wetu, na ninyi nyote mliojaa hapa uani, wengine kwa huzuni na wengine kuja kutazama tu, mimi ni Lukasi Banzi, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome wasifu wake na kuniomba nisome kwa upole, nami nitajaribu.

Marehemu dada yetu Paskalia Banzi alizaliwa tarehe 8 Aprili 1932 hapa hapa Mlali, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1953 akafunga ndoa na Benedikto Mkude, wakajaliwa watoto wawili, Deogratias na Upendo.

Mumewe alipofariki mwaka 1968, aliajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini Morogoro, akasimama kati ya mashine za kufumia zaidi ya miaka ishirini, zikamla masikio yote mawili, hadi mitumba ilipoachiwa kuingia, vitenge vyetu vikadoda, kiwanda kikafungwa mwaka 1992, naye akarudi kijijini akiwa hasikii na anayumba, maana daktari alitueleza kwamba ugonjwa wake wa masikio ulimharibia na mizani ya mwili. Alianguka shambani, akaanguka kanisani mbele yenu, mkacheka kwamba bibi kalewa, na mlipomwamkia shikamoo akapita kimya, mkasema ana roho mbaya.

Jumapili tarehe 16 Juni 1996, alfajiri, alitoka na ungo wa maharage mapya kupeleka sadaka misa ya kwanza, akaangukia uani kwa jirani yetu Yohana, ambaye alikuwa amemzika mwanawe juzi yake. Bibi kizee yuko chini alfajiri, ungo uko pembeni, basi, likapigwa yowe kwamba mwanga kaanguka na ungo wake wa kurukia usiku! Mkamzunguka kwa fimbo na mipini ya majembe, mkamwuliza nani kamtuma, alipokaa kimya mkasema amekiri, jamani, kiziwi huyo! Mkamvunja mkono, mkamvunja nyonga, damu ikatapakaa kwenye maharage, na Upendo alipofika alimkuta mama yake anayaokota kwa mkono uliobaki.

Alilazwa hospitalini mjini, akafariki Jumanne tarehe 25 Juni, na siku zote alizolala pale alikuwa akiuliza jambo moja tu, kama sadaka imefika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kiwandani waliokuja leo, na jirani yetu Bi Hidaya, aliyejilaza juu yake fimbo zikampata yeye, Mungu amlipe. Majirani wengine sina shukrani zenu, nisameheni, sina.

Maharage yale ndiyo haya mbele ya jeneza, hatukuyaosha. Yohana, simama uuchukue ungo huu uupeleke altareni wewe mwenyewe, kwa sababu sadaka hii dada alikuwa anaipeleka ili isomwe misa ya kumwombea mwanao.

Dada Paskalia, lala kwa amani, hakuna atakayekuuliza kitu tena.