Sahani Mia Nne na Kumi na Mbili za Mzee Dekow Abdille

Bismillahi. Kwetu maiti hangoji karatasi zichapishwe. Mzee Dekow Abdille Korane alifariki Jumatano asubuhi, na alasiri ya siku hiyo hiyo alikuwa amezikwa. Kwa hiyo wasifu wake unasomwa leo, Jumanne tarehe 20 Januari 2026, siku ya saba, kwa ajili ya jamaa na wafanyakazi wenzake wa zamani ambao hawakuwahi maziko. Umeandikwa na binti yake mkubwa, Hinda, mwalimu wa Kiswahili, ndiye mimi ninayeusoma kutoka hema la akina mama. Sauti yangu inafika upande wa wanaume kwa kipaza sauti. Ami yangu, Sheikh Keynan, ameniomba nikifika kwenye mambo ya muziki nipite haraka. Nimemwahidi kwamba nitajaribu.

Kitambulisho cha marehemu kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1953, kama vinavyosema vitambulisho vya karibu kila mtu wa rika lake. Mama yake, Bi Anab, aliyekuwa na kumbukumbu nzuri kuliko serikali, alishikilia mpaka kufa kwamba ilikuwa mvua za masika, siku tatu baada ya familia kuvuka Mto Tana na ng'ombe wao, upande wa Balambala. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Abdille Korane, mfugaji. Alichunga mbuzi tangu akiwa na miaka mitano, na inasemekana aliwapoteza mara nyingi kwa sababu alikuwa akisikiliza ndege.

Alianza chuo cha Kurani Balambala, kisha mwaka 1962 akapelekwa kwa shangazi yake mjini Garissa aingie shule ya msingi. Miaka ya vita vya Shifta ilimrudisha nyumbani kwa muda, na alipoanza tena alikuwa mrefu kuliko mwalimu wake wa hesabu. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1972. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, na hakuwahi kudai vinginevyo.

Mwaka 1973 aliajiriwa idara ya simu, akapelekwa Nairobi kujifunza ufundi wa laini. Huko ndiko mambo yalikoanzia. Siku moja ya mwaka 1974 alitumwa kutengeneza simu katika nyumba ya mtu aliyekuwa akifungasha vitu vyake ahame nchi. Gramafoni ilikuwa ikicheza. Marehemu alitusimulia kisa hicho kwa aibu ya kweli: hitilafu aliipata kwa dakika kumi, lakini alikaa pale saa tatu akisema laini ni mbovu sana, kwa sababu hakutaka kuondoka kabla tarumbeta haijamaliza ilichokuwa ikisema. Mwenye nyumba alimtambua. Alipokuwa akitoka alimpa ile santuri, akamwambia laini ikiharibika tena asirudi. Marehemu alikuwa akimaliza kisa kwa kusema, "Nilidanganya mtu kwa sababu ya jazi. Mungu anisamehe."

Alirudi Garissa mwaka 1976, akafanya kazi hapa hadi alipostaafu mwaka 2003, isipokuwa miaka mitatu aliyohamishiwa Habaswein, 1981 hadi 1984. Wengi wenu mliwahi kumwona juu ya nguzo akipiga mluzi. Madereva wa malori ya mifugo ndio waliokuwa mikono yake Nairobi. Walishuka na ng'ombe, wakarudi na santuri kuukuu zimefungwa katikati ya mablanketi. Hakuwahi kuziita santuri. Aliziita sahani, neno alilookota kwa mafundi wenzake, na nilipokuwa mwalimu nilimsahihisha mara nyingi. "Aabo, neno sahihi ni santuri." Naye hujibu, "Wewe fundisha watoto ya watu. Mimi niachie sahani yangu."

Joto la Garissa halipendi santuri. Mwaka 1979 aliacha kumi na mbili chini ya paa la mabati, na aliporudi kutoka kazini zilikuwa zimelegea na kujikunja kama mikate ya anjera. Nyanya yangu alisema hakuwahi kumwona akilia mpaka siku hiyo. Baada ya hapo alijenga chumba cha udongo nyuma ya nyumba, kuta nene, paa la nyasi, na ndani akazisimamisha wima kwa sababu zikilazwa huharibika. Wageni walidhani ni chumba cha mtu mzee. Kufikia mwaka 2023 kilikuwa na sahani mia nne na kumi na mbili, hazina orodha popote, na ungemtajia yoyote angekuletea huku macho yake yakiwa bado kwako.

Tarehe 8 Agosti 1980 alimwoa mama yetu, Bi Maka Aweys. Wiki ya kwanza alimchezea saksafoni, akamuuliza anasikia nini. Mama alifikiri, akasema anasikia ngamia aliyepotelewa na mtoto. Marehemu alifurahi mno. Alitembea mji mzima akiwarudia watu maneno hayo, akisema amesoma maneno mengi ya wataalamu kwenye majalada ya santuri na hakuna aliyeeleza vizuri namna hiyo. Mama hakuupenda muziki ule hata siku moja, na ndoa ilidumu miaka arobaini na mitano. Mama naye alikuwa na mkusanyiko wake: sahani tisini na sita za kulia, nyeupe zenye ukingo wa kijani, ambazo mtaa mzima uliziazima kwa harusi. Basi nyumba yetu ilikuwa na sahani za aina mbili, na sisi watoto hatukuwahi kuchanganya.

Siwezi kumtaja Dekow bila Mzee Mahat, mganga msaidizi mstaafu wa kifua kikuu, aliyekutana naye Habaswein. Mahat alipohamia Garissa, kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri walikaa katika chumba kile wakasikiliza na kubishana. Ng'ombe na siasa walizungumza kwa Kisomali. Jazi waliizungumza kwa Kiswahili, na sijui kwa nini. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya sauti moja ndogo katika sahani moja, ambapo kinanda kinanyamaza na kitu kinasikika nyuma. Mahat alisema ni mtu amekohoa.

"Dekow, mimi nimefanya kazi ya kifua miaka salathini. Hiyo kikohozi ni ya pafu la kushoto. Huyo mtu hakumaliza dawa."

"Hakuna mtu amekohoa. Hiyo ni kiti ya mpiga ngoma imelia."

Ubishi huo ulidumu miaka kumi na tisa. Sheikh Keynan, samahani, napita haraka niwezavyo.

Mwezi wa Novemba 2023 mto ulipanda. Marehemu na Mama walikuwa Balambala kwenye msiba, barabara imekatika. Mimi nilikuwa shuleni nikisimamia mtihani wa kidato cha nne. Nyumbani alikuwepo mume wangu, Abdisamad, kijana wa Bute, tuliyekuwa tumeoana naye miezi sita tu kabla ya hapo, ambaye hakuwahi kuketi na mzee Ijumaa hata moja kwa kuwa siku hiyo alikuwa sokoni. Saa nne asubuhi marehemu alinipigia simu. Mtandao ulikuwa unakatika. Alisema, "Mto unaingia bula letu, mtaa wote. Mwambie Abdisamad atoe sahani kwanza. Kwanza kabisa, kabla ya kitanda, kabla ya kila kitu." Nilitoka nje ya chumba cha mtihani, nikampigia mume wangu, nikasema, "Aabo anasema utoe sahani kwanza." Kisha nikakata simu, nikarudi ndani kwa watahiniwa wangu.

Mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliyemsumbua baba yangu miaka mingi kuhusu neno lile, siku ile sikusema santuri.

Abdisamad alifanya alichoambiwa, na alikifanya vizuri. Alizifunga sahani za Mama moja moja kwa shuka na nyasi, akazipakia kwenye mkokoteni wa punda, akazipeleka polepole hadi uwanja wa juu ili zisivunjike. Aliporudi maji yalikuwa kiunoni. Chumba cha udongo kilikuwa kimeanguka, na udongo ukarudi kuwa tope.

Marehemu alifika siku ya nne. Tulikuwa kambini, chini ya turubai. Abdisamad, aliyemwita adeer, yaani ami, kwa heshima, alimkimbilia.

"Adeer, hata moja haijavunjika. Wallahi, hesabu mwenyewe."

Marehemu alizitazama zile sahani nyeupe zilizopangwa juu ya mkeka. "Hata moja?"

"Hata moja, adeer."

"Allah akubariki. Hawa watu wamekula?"

Basi siku ile watu wa kambi walikula wali kwenye sahani za Mama, na marehemu mwenyewe ndiye aliyegawa. Kabla ya magharibi aliniita kando. Nilianza kulia kabla hajasema neno. Alisema, "Nilitaka sahani, nimeletewa sahani. Usimwambie huyo kijana kitu. Atabeba maisha yake yote." Nikatii. Hatukulizungumza tena. Ijumaa zilizofuata Mzee Mahat alikuja kama kawaida, wakaketi kwenye mkeka bila gramafoni, wakabishana juu ya kile kikohozi cha sahani iliyokwisha kuwa matope. Niliwasikia wakiimba sehemu ya kinanda kwa midomo, kisha wakinyamaza mahali pale pale.

Juzi, siku ya tano ya msiba, nilimwambia Abdisamad ukweli. Akasema alijua tangu wiki ile ya mafuriko, alipoona vipande vyeusi vimechomoza kwenye tope. "Nilikuwa nangoja mzee anitukane. Miaka mbili nangoja. Angenitukana ningelala vizuri." Nikamuuliza kama niyaandike haya au niyaache. Akasema, "Andika. Usinifiche. Na sema hata moja haikuvunjika."

Mwezi Machi 2025 figo za marehemu zilidhoofika kwa sababu ya kisukari alichoishi nacho tangu mwaka 2011. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Aliwatania wauguzi kwamba mashine yao inazunguka polepole kuliko gramafoni. Alipungua sana. Kufikia Desemba nilikuwa nikimwinua peke yangu, yeye aliyekuwa akipanda nguzo na waya begani.

Jumanne tarehe 13 Januari, baada ya swala ya adhuhuri, akiwa amelazwa hospitalini, aliomba tuingie mmoja mmoja. Mnajua desturi: mtu akiona safari imekaribia huwaomba watu wake msamaha, nao humjibu kwamba wamemsamehe, ili aende mwepesi. Alianza na Mama. Akafuata ndugu yake. Wote walimjibu, wakatoka wakilia. Nami niliingia nikiwa na langu moyoni, kwa sababu miaka miwili nilikuwa nimetafuta siku ya kumwomba yeye radhi na sikuipata. Hakunipa nafasi.

"Hinda, unisamehe."

"Kwa lipi, Aabo? Wewe hujanikosea."

"Zile sahani. Nilikukasirikia mwaka mzima. Ulikuwa unaniletea chai, nakunywa, nakuombea dua, na ndani nasema, huyu ni mwalimu, neno moja limemshinda. Nilikuonyesha uso mzuri na haikuwa kweli. Hasira ilikwisha, lakini ilikuwepo. Unisamehe."

Sikumjibu. Niliona sina haki ya kutoa msamaha mahali nilipopaswa kuomba. Nilimshika mkono. Aliningoja. Aliningoja kwa kweli, akinitazama, mpaka muuguzi akaingia kubadilisha dripu na mimi nikatoka. Nilijiambia kwamba kesho asubuhi nitakuja mapema na maneno yaliyopangika. Nilikuja saa tano. Alikuwa amefariki saa nne na dakika arobaini. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Alizikwa siku hiyo baada ya alasiri katika makaburi ya Garissa. Mzee Mahat alishuka kaburini kumpokea, ingawa magoti yake hayamruhusu.

Marehemu ameacha mjane, Bi Maka Aweys. Ndugu yake, Sheikh Keynan Abdille. Watoto wake watatu, Hinda, Liban na Hamdi. Mkwewe Abdisamad, aliyeokoa sahani tisini na sita na hata moja haikuvunjika. Na wajukuu watano, wa mwisho akiwa na miezi minne. Ameacha pia rafiki mmoja. Yeyote aliyekosewa naye kwa neno au kwa kitendo, familia inamwomba amwachilie.

Wengine wote wa nyumbani walishamjibu alipokuwa hai. Nimebaki mimi. Nimechelewa siku saba, na nalisema mbele yenu ili muwe mashahidi wangu.

Aabo, nimekusamehe. Nenda ukapumzike.