Nyama ya Bwana Mifugo

Ilikuwa mwaka 1983, ndani ya basi la kutoka Karatu kwenda Ngorongoro. Mama aliyekaa mbele yangu alipakata mfuko wa nyama kavu iliyochanganywa na karanga.

"Hii haiozi hata kwa jua," alimwambia mzee aliyekaa naye. "Mume wangu ni bwana mifugo, anashinda kwenye pikipiki. Lakini akifika boma la kwanza tu, anakaribisha watu mpaka inaisha! Juzi njaa imemtia kizunguzungu, kaanguka na pikipiki."

"Sasa ale peke yake, watu wanamtazama?"

"Si akale porini!"

"Mama, anayekula porini ni fisi."

Mzee akauliza kama kweli nyama hiyo hainuki. Mama akaufungua mfuko kwa hasira amwonyeshe. Harufu nzuri ikatufikia, basi zima tukageuka. Akatutazama, akashusha pumzi.

"Karibuni," akasema, kwa sauti ya kufukuzia kuku.

Tulikaribia. Mimi nilichukua vipande viwili tu, kwa adabu.

Basi liliposimama kwenye geti la Ngorongoro, bwana mifugo alikuwa akingoja kando ya pikipiki yake. Akapokea mfuko, akaupima mkononi, akamtazama mkewe.

"Usiniulize," mama akamwambia.