Sidii ya Mazishi

Gari lilipotoka Nyamira kwenda Keroka, Drusilla alikuwa amelipakata boksi la mashine ya gemu kana kwamba limemtukana. Mwanawe aliinunua akiapa kwamba inacheza sidii zote. Drusilla alitaka moja tu, ya mazishi ya mumewe miaka kumi na mitano iliyopita, na hiyo ndiyo iliyotemwa na mashine. Njiani alikuwa amewaambia abiria kwamba analirudisha boksi dukani Keroka apewe deki, ile mashine ya zamani ya kuchezea sidii.

"Hukubonyeza vizuri, mama," alisema kijana aliyeketi kando yake, ambaye hakuna aliyemuuliza. "Kitu cha kisasa hivi, utakirudisha dukani upewe deki ya kizamani?"

"Ya kizamani ndiyo inayosoma ya kizamani. Kwenye hiyo sidii shemeji yangu amesimama mbele ya jeneza, umati ukimsikia, akisema shamba la chai ni langu na watoto. Sasa anasema hakutamka hivyo. Wazee wanakuja kesho kuamua."

"Si uwaambie tu alivyosema?"

"Yaya, hapana! Nimewaambia mpaka nimekauka koo. Mjane akisema, wao wanasikia kuku."

Kijana alicheka peke yake. "Lakini gemu ya mpira humo ni tamu, mama. Watoto watalia."

"Watalilia wapi, baba? Kwenye shamba la nani?"

Gari lilisimama Keroka. Kijana alinyoosha mikono kulipokea boksi, akisema afadhali amuuzie yeye kuliko kulirudisha. Drusilla alimsukuma kwa kiwiko.

"Nipishe! Shemeji yangu ana maneno ya kusema kesho."