Rangi Isiyokauka

Treni yetu ilikuwa imeshaondoka kituoni nilipomsikia binti mtengeneza programu akimlalamikia fundi rangi aliyeketi naye, ndoo zake za rangi miguuni. "Bosi anataka kazi yake leo, na mimi wiki nzima nachagua tu rangi za hiki kidirisha cha kuandikia amri za kompyuta." Fundi akainamia kompyuta iliyokuwa mapajani mwa binti. "Maandishi ya kijani kwenye weusi? Dada, hili pango." Binti akabadilisha, akaweka njano, akakunja uso. "Usiihukumu rangi ikiwa mbichi," fundi akasema. "Iache ikauke kwanza." "Kaka, kompyuta haikauki!" "Ndiyo maana huridhiki." Wakabishana hadi kituo cha mwisho. Binti alishuka na mistari miwili tu ya kazi, yote ya zambarau. Fundi alikuwa amepitiliza kituo chake kwa vituo vitatu, yeye na ndoo zake. Mimi nilishuka pia. Sikuwa na pa kwenda tangu mwanzo; nilikuwa nawasikiliza tu.